IMANI, KIFAFA NA MFUKO WETU WA JAMII

(Hotuba ya mwanachama, muuguzi mstaafu, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu, Masagati)



Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Assalaam aleikum. Na kwa wenzetu wenye asili ya Njombe, kamwene.

Kwanza kabisa napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii. Pili, naishukuru kamati ya maandalizi kwa kunipa nafasi hii. Kamati iliniomba nizungumze habari za afya. Nikauliza, afya ipi? Wakanijibu, "Mama, chagua mwenyewe, ila usirudie tena habari za choo." (Kicheko.) Choo nitakigusa kidogo tu, mtanivumilia.

Nimesalimu mara nne kwa makusudi. Sanduku letu lina kufuli tatu, na tulipochagua wenye kushika funguo hatukuuliza nani anasali wapi. Katika hisa hakuna Mkatoliki wala Mlutheri, hakuna Mwislamu wala Mpentekoste. Lakini lipo jambo moja lililotugawa, na wote mnalijua. Ni ule mfuko wa jamii. Katiba yetu inasema mfuko utamsaidia mwanachama "akipata ugonjwa katika familia". Haisemi ugonjwa utibiwe wapi. Basi kila anapougua mtoto tunabishana: nauli ya hospitali? Mbuzi wa mganga? Sadaka ya maombi? Leo nataka kulisema jambo hili kwa marefu kidogo, na nitalisema kwa kutumia ugonjwa mmoja, maana ugonjwa huo ndio uliotuonyesha, katika bonde hili hili, imani inavyoweza kumwinua mgonjwa na inavyoweza kumzika. Ugonjwa wenyewe ni kifafa.

Zamani bonde hili lote lilikuwa wilaya moja ya Ulanga. Huko Mahenge, ng'ambo ya Mto Kilombero, mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall. Alikuta watu wengi wanaoanguka kifafa kuliko alivyotazamia. Wengine walikuwa na makovu ya moto mwili mzima. Walikula kwa sahani zao peke yao, walilala kando, na wakianguka watu walikimbia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alianzisha kliniki ya kifafa pale Mahenge, akawapa vidonge vya fenobabitoni. Kidonge hicho ni cha zamani, ni cha bei nafuu, na mpaka leo tunakitumia. Baadaye yeye na daktari wetu Mtanzania, H. T. Rwiza, waliwafuatilia wagonjwa 164 wa kliniki ile kwa muda wa miaka 30. Walichoandika mwaka 1992 ni hiki: wakati wa kutumia dawa, zaidi ya nusu waliacha kabisa kuanguka, na wengi wa waliobaki walipungukiwa. Lakini katika wale 164, theluthi mbili walikuwa wameshafariki, na vifo vingi vilitokana na kifafa chenyewe. Walizama majini, waliungua, au walianguka mfululizo bila kuzinduka.

Akina mama, sikilizeni hapo. Wengine hawafi kwa sababu ya kuanguka kwenyewe. Wanakufa kwa sababu wameangukia jikoni na hakuna mkono uliowavuta.

Mwaka huo huo wa 1992 Dokta Rwiza na wenzake walitoa hesabu ya vijiji 11 vya Ulanga. Katika watu wapatao 18,000 walikuta wenye kifafa 207, yaani zaidi ya watu 10 katika kila 1,000. Vijiji havikulingana. Kimoja kilikuwa na watu 5 kwa kila 1,000, kingine 37. Ukiona kijiji kimoja kimezidi hivyo, wewe utasema nini? Wazee walisema ni laana ya ukoo, au mizimu, au mtu mbaya. Waganga wa hospitali walianza kutafuta kitu kingine kilichopo kijiji hiki na hakipo kile.

Mpaka sasa wamepata vitu kadhaa. Kuna uzazi mgumu, mtoto akachelewa kulia. Kuna malaria iliyopanda kichwani. Kuna usubi, ule ugonjwa unaoletwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi, unaowasha ngozi na kupofusha macho. Mahenge ina usubi wa muda mrefu, na watoto wanaoupata sana ndio wanaoonekana kuwa na kifafa zaidi, hata kile cha kusinzia kichwa, mtoto akiletewa ugali anaanza kuinamisha kichwa kama mwenye usingizi. Ndiyo maana dawa ya Mectizan hugawiwa huko bure, na kila mtu anayeruhusiwa aimeze. Na kuna tegu wa nguruwe. Hapa ndipo nagusa choo. (Kicheko.) Watafiti wa Mbulu na Mbozi waligundua kwamba baadhi ya wenye kifafa wana mabuu ya tegu kwenye ubongo. Wengi mnadhani yanatokana na kula kitimoto. Siyo hivyo. Nyama isiyoiva inakupa tegu tumboni. Mabuu ya kichwani yanatokana na kumeza mayai ya tegu yaliyotoka kwenye kinyesi cha binadamu, kwa mikono, kwa mboga, kwa maji. Hata Mwislamu asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuyapata kwa jirani asiyekuwa na choo. Basi, choo nimemaliza.

Sasa turudi kwenye imani. Mwaka 1993 Dokta Rwiza na wenzake walichapisha majibu ya wakuu wa kaya 3,256 wa vijijini. Watu 4 katika kila 10 waliamini kwamba kifafa kinaambukiza kwa kumgusa mgonjwa, kwa pumzi yake, kwa uchafu wake, kwa kula naye. Na karibu nusu tu ndio walioamini kwamba dawa ya hospitali inasaidia. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi na sikushangaa. Nimesikia kwa masikio yangu, "Nesi, usimguse, mate yake ndiyo yenyewe." Kifafa hakiambukizi. Ningekuwa nimeshaanguka mimi, maana mate hayo nimeyafuta sana kwa mikono hii.

Imani hiyo ya kuogopa kugusa haikuanza kwetu. Wagiriki wa kale waliuita ugonjwa huu ugonjwa mtakatifu, wakidhani mungu amemshika mtu. Yapata miaka 2,400 iliyopita tabibu mmoja wao aliandika kitabu, kinachohesabiwa kati ya maandishi ya Hippocrates, akasema ugonjwa huu si mtakatifu kuliko mwingine wowote, chanzo chake ni ubongo, na wanaouita wa kimungu wanafunika kutokujua kwao. Ibn Sina, tabibu mkubwa wa Waislamu aliyefariki mwaka 1037, naye alikiweka kifafa pamoja na magonjwa ya ubongo. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kusema "ni ubongo" ni kitu cha kizungu kilicholetwa juzi.

Najua kuna mtu moyoni anasema, mbona Injili inazungumza juu ya pepo? Ni kweli. Yule kijana aliyeletwa na baba yake, aliyekuwa akiangukia motoni na majini, Biblia yetu ya Kiswahili katika Mathayo inautaja ugonjwa wake kwa jina, kifafa. Wahubiri wengi wamelisoma fungu hilo na kuhitimisha kwamba kila anayeanguka ana pepo. Dokta Jilek-Aall mwenyewe aliandika kwamba mafundisho ya namna hiyo yaliongeza hofu badala ya kuipunguza. Mimi si mhubiri, baba paroko yupo hapa na mchungaji yupo, watanisahihisha. Lakini nimeisoma habari ile katika Marko mara nyingi, na naona jambo ambalo halisemwi sana. Baba hakumficha mtoto, alimleta mbele ya watu. Yesu aliuliza ameanza lini, kama tunavyouliza sisi kliniki. Na mwisho, wakati watu wengi walishasema amekufa, Yesu alimshika mkono akamwinua. Alimshika mkono! Anayetumia habari hiyo kuwazuia watu wasimguse mgonjwa ameisoma kinyume.

Na Waislamu wana habari ya yule mwanamke aliyemwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akalalamika kwamba anaanguka na mwili wake unabaki wazi. Mtume hakumwambia kwamba amelaaniwa. Alimpa hiari, avumilie apate pepo, au amwombee apone. Akachagua kuvumilia, ila akaomba asiwe anafunuka nguo mbele za watu. Ninyi wanawake mnamwelewa kabisa. Anayeanguka sokoni haoni aibu ya ugonjwa peke yake. Anazinduka akiwa kalowa, gauni liko juu, na watoto wamemzunguka wanacheka. Ombi la mama yule linaweza kutimizwa na mtu yeyote mwenye kanga.

Basi, je, dini ni nzuri kwa afya au ni mbaya? Swali hili limeulizwa hata na wataalamu wa Marekani, na majibu yao yana mafunzo. Waliwafuatilia wauguzi wanawake 74,534 kuanzia mwaka 1992 mpaka 2012, wakatoa matokeo mwaka 2016. Wale waliokwenda ibadani zaidi ya mara moja kwa wiki, vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 33 kuliko wale wasiokwenda kabisa. Kwa nini? Waliona sehemu ni kuwa na watu wa kukujulia hali, sehemu ni kutovuta sigara, sehemu ni kutozama katika sonona. Mtu anaweza kusema, aa, mgonjwa mahututi si hawezi kutembea kwenda kanisani, ndiyo maana wanaokwenda wanaonekana wazima. Watafiti walijaribu kuliondoa hilo katika hesabu, na bado tofauti ilibaki.

Utafiti mwingine wa huko huko ulitolewa mwaka 2006. Wagonjwa 1,802 wa kupasuliwa moyo waligawanywa, wengine wakaombewa na watu wasiowajua, wengine hawakuombewa. Maombi hayo hayakuleta tofauti. Tena waliokuwa na hakika kwamba wanaombewa walipata matatizo zaidi kidogo, 59 katika kila 100, wakati wale wengine walikuwa 52 hivi. Labda waliogopa wakajiuliza, kumbe hali yangu ni mbaya kiasi hicho? Mimi sichukui utafiti ule kuwa ushahidi kwamba Mungu hasikii. Mungu si dawa ya kikohozi ya kupimwa kwa kijiko. Lakini unatukumbusha kwamba kuombewa na mgeni asiyekujua, aliye mbali, si kitu kimoja na kuombewa na jirani yako aliyekuja na uji.

Utafiti wa tatu ndio ulionigusa zaidi. Mwaka 2001 walichapisha habari za wagonjwa 596 wa miaka 55 na kuendelea waliolazwa hospitali, wakafuatiliwa miaka miwili. Wale waliodhani Mungu amewatupa, au hawapendi tena, au kwamba shetani ndiye aliyewaletea ugonjwa, walikufa kwa wingi zaidi kuliko wenzao wenye ugonjwa wa kiwango kile kile. Wote walikuwa watu wa kawaida wenye dini zao. Dini ilikuwa ile ile, ila mmoja ilimwambia hauko peke yako, na mwingine ilimwambia umetupwa.

Na wasioamini je? Tusiwasengenye. Huko Denmark na Sweden watu wachache tu huenda kanisani kila Jumapili, lakini wanaishi miaka mingi kuliko sisi tunaojaza makanisa. Wana maji safi, wana zahanati karibu na barabara inayopitika masika na kiangazi. Kwa hiyo mtu asiyesali si kwamba ataugua, na anayesali si kwamba amekingwa na mbu. Hapa kwetu asiyeamini Mungu ni nadra kumpata akajitaja. Kutoamini kwetu ni kwa aina nyingine, ni kutoamini hospitali. Na huko hospitalini nako kuna kutoamini kwao, ni kutomwamini mgonjwa.

Hilo la pili nimeliona. Mama mmoja alimleta mtoto wake kwenye kituo kimoja, sitakitaja, mtoto akiwa na uzi mweusi na hirizi kiunoni. Mtumishi aliyempokea alicheka mbele ya watu, akasema, "Si umpeleke huko huko alikofungwa hizi?" Mama alimfunga mwanawe mgongoni akaondoka. Hakusubiri dawa. Mtoto yule alirudi kwangu baada ya miezi mingi, mkono mmoja ukiwa umeungua vibaya. Mimi hirizi sikuigusa. Nilimwuliza mama jina la mtoto, na ameanza lini. Alinijibu, "Shikamoo nesi. Ameanza alipokuwa anaota meno." Tukaanzia hapo.

Mwaka 1998 watafiti waliokaa Ifakara waliandika jambo ambalo wenyeji tulikuwa tunalijua. Watu walisema kuna malaria ya kawaida na kuna malaria ya bandia iliyotumwa na mchawi. Na mchawi anaweza kuwaficha vijidudu, hata damu ikipimwa wasionekane, au dawa isifanye kazi. Kwa hiyo mgonjwa aliyepewa dawa na hakupata nafuu haraka alipelekwa kwa mganga "kumfungulia", kisha akarudishwa hospitali akamalizie dawa. Wazungu wakishasikia hivyo wanashika kichwa. Mimi naona akili ndani yake. Watu hawakuikataa hospitali, waliitafutia njia ya kuingia. Shida iko kwenye siku. Kifafa kinaweza kusubiri wiki moja mkamaliza taratibu zenu za ukoo. Malaria ya mtoto wa miaka miwili haisubiri wiki. Haisubiri hata kesho.

Tena imani hubadilika, tusikate tamaa. Wangapi hapa mlikatazwa na bibi zenu kumpeleka hospitali mtoto mwenye degedege, kwamba akichomwa sindano atakufa? Naona mikono. Wengi. Sasa mwaka 2009 watafiti waliofanya kazi Kilombero na Ulanga waliandika kwamba wazazi wengi walikuwa tayari wanakimbilia hospitali mtoto akipata degedege. Jina la degedege lipo bado, maelezo ya bibi yapo bado. Hofu ya sindano ndiyo iliyokufa, na sijamwona mtu aliyeacha dini wala ukoo wake kwa sababu hiyo.

Sasa niseme na lile gumu. Kifafa kikiingia nyumbani anatafutwa aliyekileta. Na anayepatikana mara nyingi ni mwanamke: mama mkwe, shangazi, mke mwenza, bibi kizee mwenye macho mekundu ya moshi. Katika bonde hili watu walikuwa wanakwenda Ihowanja, upande wa Malinyi, kwa Bibi Kalembwana, kunyolewa. Mnajua. Wenye shutuma na wanaoshutumiwa walikwenda pamoja, wakanyolewa nywele na kupewa dawa, wakarudi ikasemwa mambo yamekwisha. Kanisa halikupenda. Mimi pia siamini kwamba nywele zina uchawi. Lakini lazima niseme ukweli, bibi aliyenyolewa alirudi nyumbani hai, na kwingine katika nchi yetu bibi kama huyo aliuawa kwa panga. Ukoo ulipata njia ya kumaliza ugomvi bila damu. Kilichokosekana ni kimoja tu: mtoto mwenyewe aliendelea kuanguka, maana safari nzima ilikuwa ya watu wazima na ugomvi wao. Nauli ilikwisha, na fenobabitoni hakuna aliyeikumbuka.

Na upande wa makanisa tusijione safi. Mwaka 2011 nchi nzima ilihamia Loliondo, kijiji cha Samunge, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapile, Babu, kwa shilingi 500. Aliyefariki mwaka 2021 Mungu amlaze pema. Shilingi 500 haikumfilisi mtu. Kilichofilisi ni nauli, kukodi magari, kulala njiani siku kadhaa na mgonjwa. Na kilichoua ni kuacha dawa. Wapo waliorudi wakaacha za virusi vya UKIMWI, wakaacha za kisukari, wakisema wameshapona. Siku hizi sihitaji kwenda mbali, yapo mahema ya maombi ambako mtu anaambiwa, kama una imani kweli, tupa vidonge. Nawaomba viongozi wa dini mliopo, kwa heshima zote: msiseme hivyo kamwe kwa mwenye kifafa. Fenobabitoni ikikatishwa ghafla kifafa kinarudi kwa hasira, kinaanguka juu ya kingine bila mgonjwa kuzinduka, na anaweza kufa kabla hajafikishwa Mlimba. Kama mnaamini amepona, mshukuruni Mungu, mwacheni aendelee na dawa, na daktari ndiye atakayeipunguza polepole. Mungu aliyemponya hatachukizwa na kidonge.

Mambo mawili madogo ya kanisani na msikitini. Mkesha wa maombi ni mzuri kwa roho, lakini kukosa usingizi kunaleta kifafa. Mwenye kifafa asali mapema alale. Hivyo hivyo ngoma za usiku, na ulanzi usiuseme. Na kwa anayetaka kufunga, fenobabitoni kwa kawaida humezwa usiku mara moja, kwa hiyo mwulize daktari wako kwanza, usiiache kimya kimya. Na msichana wa kuzaa anayepewa dawa nyingine za kifafa amwambie daktari kabla hajashika mimba, maana moja wapo, valproate, inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Narudi kwenye sanduku letu. Pendekezo langu, ambalo nimempa katibu kwa maandishi, ni kwamba mfuko wa jamii ulipie nauli ya mgonjwa na msindikizaji mmoja mpaka hospitali, kwa ugonjwa wowote, bila kumwuliza mwanachama ametoka kwa nani kabla ya hapo wala atakwenda kwa nani baadaye. Sadaka, mbuzi na kuku kila mtu atoe mfukoni mwake. Wapo watakaosema nawapendelea wa hospitali. Ndiyo, kwa fedha nawapendelea. Ukoo uko hapa hapa, kanisa liko hapa hapa, unakwenda kwa miguu. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko iko Ifakara, na masika mnajua wenyewe barabara ya kutoka huku ilivyo. Fedha iende kwenye umbali.

La pili, wapo wanachama ambao dawa zao huisha kabla ya siku ya kliniki kwa kukosa nauli. Yeyote anayekwenda Mlimba au Ifakara kwa biashara yake atangaze siku ya mkutano, abebe kadi za wenzake kama zahanati itakubali. Dawa ya kifafa ikikatika ni deni ambalo hatulipi kwa faini.

Sasa naomba dada yetu wa kikundi cha maigizo aje hapa mbele, alale kwenye mkeka huu kama anayeanguka. Usiogope dada, ni mchezo tu. Mwenyekiti naye aje na kanga yake. Angalieni. Kwanza nasogeza jiko na kisu. Naweka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa. Nalegeza kilichobana shingoni. Simkandamizi. Siweki kijiko wala kidole wala chochote mdomoni, ulimi haumezwi. Simmwagii maji, sichomi kitu cha kumnusisha. Natazama saa: ikipita dakika tano bado anatetemeka, au akianza tena kabla hajazinduka, tunatafuta pikipiki. Akitulia namgeuza ubavu, hivi, mate yatoke. Kanga ya pili namfunika nayo kuanzia kiunoni. Nakaa naye mpaka ajue yuko wapi, namwita kwa jina lake.

Haya, wawili wawili, kila mtu amgeuze mwenzake mara moja. Wazee na wageni waalikwa pia. Halafu MC ataendelea na ratiba, kikundi cha kwaya kiko tayari.